Je, Baiskeli ya Umeme Itaiweza Milima ya Songea?

Ukikaa Bombambili, hapa Songea, huwezi kusahau kwamba nchi yetu ni ya kupanda na kushuka. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Upande wa mashariki iko milima ya Matogoro, ndiko unakoanzia mto Ruvuma. Ukishika njia ya magharibi wapita njia panda ya Peramiho, kisha wafika Mbinga kwa Wamatengo, walimao mashimo ya ngoro katika miteremko mikali. Ukiendelea wateremka hata Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mwenye baiskeli katika nchi hii aijua kazi yake: huku baiskeli humbeba yeye, kule yeye huisukuma baiskeli.

Siku hizi wengi wauliza habari za baiskeli za umeme. Je, zina nguvu ya kutosha kupanda mlima? Swali hili si la mchezo. Baba akiuza mahindi ya msimu mzima akanunua chombo, nacho kikamshinda kilimani, watoto ndio watakaokosa ada na daftari. Basi kuuliza si ujinga. Tufanye hesabu pamoja.

Nguvu ya mota hupimwa kwa wati. Mota za baiskeli zinazoruhusiwa Ulaya bila leseni ni za wati 250, yaani theluthi moja tu ya nguvu ya farasi mmoja. Usizidharau. Mtu mzima mwenye afya, akikanyaga kwa muda mrefu, hutoa yapata wati 100. Kwa hiyo mota hiyo ni kama kupata wasaidizi wawili na nusu, wasiokula ugali.

Sasa chukua mlima ambao kila ukienda mita 10 wapanda mita 1. Mtu na baiskeli yake na mfuko mdogo wana uzito wa kilo 100. Kupanda hapo kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa kwahitaji yapata wati 300. Mota yatoa 250, miguu yatoa 100: mlima umepandwa. Lakini funga kwenye keria mzigo wa mahindi wa kilo 60, nawe utahitaji karibu wati 480. Hapo utapungukiwa. Hutashindwa kabisa, ila mwendo utashuka hata yapata kilomita 7 kwa saa, kasi ya mtu aendaye kwa miguu kwa haraka. Na ukiacha kukanyaga, mota peke yake haitakufikisha.

Tena angalia mota imewekwa wapi. Iliyofungwa katikati ya gurudumu ni rahisi kutunza, lakini haipati msaada wa gia. Ikipanda polepole sana na mzigo mzito, hupata moto na yaweza kuungua. Iliyowekwa penye pedali husukuma mnyororo, na hivyo hutumia gia ndogo kama mguu utumiavyo. Hiyo huimudu milima mikali zaidi, ingawa bei yake ni kubwa, na mnyororo wake huchakaa upesi.

Jambo la pili ni betri. Betri nyingi za baiskeli hizi huweka umeme usiozidi nusu uniti, uniti ile ile uinunuayo kwa LUKU. Tuseme watoka Mbamba Bay kwenda Mbinga. Njia ni ya kilomita zipatazo 67, na wapanda zaidi ya mita 800. Bila mzigo, kupanda huko peke yake kwala karibu theluthi moja ya uniti. Ukiwa na zile kilo 60, betri yote yaweza kuishia kilimani kabla hujafika. Lakini kwa mwendo wa kijiji hata kijiji, au kutoka Bombambili hata sokoni na kurudi, yatosha sana.

Labda utauliza: wako waliojaribu penye milima? Wako. Mji wa Kigali, Rwanda, umejengwa juu ya vilima, na tangu mwaka 2019 pikipiki za umeme zabeba abiria huko. Betri ikiisha, dereva huibadilisha kituoni na kwenda zake. Lakini hizo ni pikipiki, mota zake zina nguvu mara nyingi kupita wati 250. Basi anayetaka kubeba abiria au magunia asitazame baiskeli ya pedali. Huyo yafaa atazame pikipiki.

Umeme wenyewe si wa kutoka mbali tu. Tangu mwaka 2015 Masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa megawati 5 huko Tulila, katika mto Ruvuma. Maji yateremkayo kutoka Matogoro yaweza basi kumsaidia mtu kupanda Matogoro.

Mwisho, kumbuka kwamba kila mlima uliopandwa una mteremko wake. Baiskeli hizi ni nzito kuliko za kawaida. Breki mbovu, wakati wa masika na matope, ni kaburi. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, ijaribu. Usiijaribu dukani penye sakafu, bali kwenye mlima wa kwenu, ukiwa na mzigo wako wa kila siku. Ipande hata juu, uguse mota uone kama imepata moto, kisha uteremke polepole ukiipima breki. Muuzaji akikataa jaribio hilo, funga fedha yako katika kitambaa urudi nyumbani.