Barua kwa Mpwa Anayewapeleka Wazazi Paris

Paris ni jiji la miguu, na hapo ndipo safari ya mtu na wazazi wake inapofana au inapoharibika. Kijana akienda peke yake hukata mitaa kutwa nzima, jioni akajisifia kilomita alizotembea. Mzazi wa miaka sabini hawezi mwendo huo, na gumu zaidi ni kwamba hasemi. Mama atasema, "Nyinyi endeleeni, mie nitakaa hapa niangalie watu." Baba atasimama kusoma kibao cha Kifaransa ambacho hakielewi. Zote mbili ni ishara ya uchovu, na mtoto aliyelelewa na wawili hao hana kisingizio cha kutozitambua.

Kabla ya miguu kuna makaratasi. Mtanzania na Mkenya huhitaji viza ya Schengen, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15. Anayengoja siku hizo 15 anacheza na pesa za tiketi. Bima ya afya ya safari haipaswi kupungua yuro 30,000. Kwa wazee, karatasi ya bima isomwe hadi mwisho, ijulikane kama inagharamia presha au sukari waliyokuwa nayo tangu zamani, maana bima nyingi haziyagusi maradhi hayo. Dawa hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na cheti cha daktari.

Hoteli nyingi za bei nafuu zimo katika majengo ya zamani, ambayo lifti yake hutosha watu wawili waliobanana, au haipo kabisa. Swali la lifti huulizwa kabla ya kulipa. Treni za chini ya ardhi, Metro, zilianza mwaka 1900 na umri huo unaonekana kwenye ngazi: ni laini ya 14 pekee, iliyofunguliwa 1998, ambayo vituo vyake vyote vina lifti. Kubadilisha treni katika kituo cha Châtelet ni kupita korido ndefu zinazomaliza pumzi. Chombo cha wazee ni basi. Sakafu yake iko chini, lina viti vya wenye mahitaji, na dirisha lake lenyewe ni utalii. Basi namba 69 hupita Bastille, Louvre na Invalides hadi karibu na mnara wa Eiffel, kwa nauli ya kawaida, wakati mabasi ya watalii hutoza mara kadhaa zaidi kwa mandhari yaleyale.

Jambo kubwa liwe moja kwa siku, tena asubuhi. Siku ya kwanza miguu bado imevimba kwa ndege, kwa hiyo inafaa mashua ya mto Seine: saa moja ya kukaa, na nusu ya majengo maarufu hupita mbele ya macho. Kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, huingiwa bure. Mnara wa Eiffel, wa mwaka 1889 na urefu wa mita 330, hauna haja ya kupandwa hadi kileleni. Ghorofa ya pili, kama mita 115 kutoka chini, ndiyo bora: kutoka hapo jengo moja moja bado linatambulika na baba anaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne. Anayetaka kuona yote hutoka hajaona kitu. Mona Lisa ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, mbele ya umati wenye simu juu. Wazee wasisimamishwe hapo kwa muda mrefu. Kwa watu wa pwani, idara ya Sanaa za Kiislamu iliyofunguliwa 2012, yenye mazulia, vigae na vyombo vya shaba, itawapa mazungumzo ya wiki nzima. Makumbusho hayo huazimisha viti vya magurudumu bila malipo. Mwandishi wa barua hii anamjua dada yake: akiambiwa akae atakataa, kwa kuwa ni kiti cha wagonjwa. Kiwekwe mikoba na makoti, akabidhiwe akisukume yeye. Akichoka ataketi bila kuombwa. Makumbusho ya quai Branly yana mkusanyiko mkubwa wa Afrika, na ndiko vilikotoka vitu 26 vya kasri la Abomey vilivyorudishwa Benin mwaka 2021. Baba atakuwa na mengi ya kusema humo, na aachwe aseme.

Sala ina hesabu yake. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na Isha hukaribia usiku wa manane. Wazee waambiwe mapema, wapange usingizi. Msikiti Mkuu wa Paris, uliozinduliwa 1926, una ua wa vigae na mgahawa wa chai ya nana pembeni. Chakula cha nyumbani kikiwatamanisha, mtaa wa Château Rouge una maduka ya mihogo, ndizi za kupika na pilipili, ingawa wapishi wake wengi ni wa Afrika ya Magharibi na Kongo.

Fedha huleta mzozo zaidi kuliko miguu. Mzazi hugeuza kila bei kuwa shilingi, na akishajua kikombe cha kahawa ni kiasi gani atasema ameshiba. Tiketi zilipwe mtandaoni kabla ya safari, chakula kiagizwe bila mjadala, na bili isikae mezani. Maji ya bomba mgahawani hutolewa bure kwa mlaji akiomba.

Pochi ya baba haifai mfuko wa nyuma. Wezi wako kwenye Metro na chini ya Sacré-Cœur, kilimani Montmartre, ambako vijana hufunga uzi mkononi kisha hudai malipo. Mzee mwenye adabu hunyoosha mkono akisalimiwa. Aelezwe kwamba hapo kutojibu si utovu wa adabu. Kilima chenyewe kina ngazi 222, na gari la kamba kwa asiyeziweza.

Siku ya mwisho ni ya zawadi, kwani mama harudi mikono mitupu. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua dukani vitu vya zaidi ya yuro 100 hurudishiwa sehemu ya kodi: pasipoti huonyeshwa wakati wa kulipa, na fomu hupitishwa kwenye mashine ya uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo.

Mjomba