Jedi katika nchi ya mvua

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia kazini akiwa binti, kwenye kitalu cha chai wilayani Rungwe. Alikata vipandikizi: jani moja na kipande kifupi cha shina, kinachomekwa papo hapo kwenye kiriba chenye udongo uliolowa, kisha kitanda kizima kinafunikwa nailoni ili unyevu usitoke. Kipandikizi cha chai kikipigwa na upepo, kimekwisha. Ndivyo mikono yake ilivyofundwa: kuwahi na kulowesha.

Kisha akaiona jedi, mmea wa nyumbani. Ilikuwa kwenye baraza la ofisi, shina nene, majani ya mviringo yanayong'aa. Mzee aliyetunza bustani alimkatia tawi, akamkataza kulipanda siku hiyo.

"Liweke kivulini, binti yangu, kidonda kikauke kwanza."

Tawi lilikaa bila udongo wala tone la maji, na halikunyauka. Kwa mtu aliyelelewa na chai, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha, na ndilo lililomvuta kwenye kazi ya maisha yake: kuuza mimea ya nyumbani mjini Tukuyu, pembeni ya miche ya parachichi iliyobebeshwa, ambayo ndiyo iliyolipa ada za watoto.

Baadaye alijua sababu. Jedi, kwa jina la kitaalamu Crassula ovata, asili yake ni Afrika Kusini na Msumbiji, kwenye miteremko ya mawe na vichaka vikavu, na majani yake ni ghala la maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ukaa, na maji hupotea kupitia hapo hapo. Jedi hufungua usiku kunapopoa, huihifadhi hewa hiyo ikiwa tindikali, kisha mchana hufunga na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mkonge na mananasi nayo hufanya hivyo.

Sasa mmea huo umeletwa Tukuyu, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 chini ya Mlima Rungwe, unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Kuanzia Novemba hadi Mei udongo haupati nafasi ya kukauka. Migomba inafurahi, chai inafurahi. Jedi iliyoachwa nje inaoza mizizi.

Wateja waliomjia walifanana.

"Shikamoo mama. Ua langu linadondosha majani, na ninalimwagilia kila asubuhi."

"Marahaba mwanangu. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na tope, liache. Rudi kulimwagilia udongo ukishakauka mpaka chini."

Aliwafundisha kusoma majani. Yakiwa manjano na laini huku shina likibonyea karibu na udongo, maji yamezidi. Yakiwa yamekunjamana na kuwa membamba, mmea una kiu, na kiu yake hutibika kwa siku chache. Kwa kuwa hatari ni maji kuzidi, kwenye mvua nyingi alisisitiza paa na dirisha la mashariki, jua la asubuhi liingie kwa saa nne au zaidi. Jedi iliyonyimwa mwanga hurefuka na kulegea. Iliyoshiba jua hukaza shina, na kingo za majani zikapata wekundu. Vidung'ata, wale wadudu wanaojifunika unga mweupe kwenye makwapa ya majani, aliwafuta kwa pamba yenye spiriti. Mwenye paka au mbwa alimwambia wazi aiweke juu, kwa sababu majani yake huwadhuru wanyama hao wakiyala.

Dawa kubwa zaidi, hata hivyo, ilitoka ardhini pale pale. Takriban miaka 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kumwaga changarawe nyepesi zenye vitundu, ambazo bado ziko chini ya udongo wa eneo hili. Changarawe hizo hupitisha maji na kuacha hewa. Mwandishi alizichekecha, akachanganya sehemu mbili za changarawe na sehemu moja ya udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa Tukuyu ukiwa peke yake, ambao mkulima yeyote angeutamani, kwa jedi hushika maji mno.

Vyombo navyo alivitafuta karibu. Ndoo za plastiki hufungia unyevu ndani, lakini vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, huchomwa kwa moto wa wazi na hupumua kupitia kuta zake. Wanawake wa Ikombe hufinyanga vyungu vya kupikia na kuwekea maji, chini mviringo, visivyovuja. Yeye alihitaji vinavyovuja. Kutoboa chungu kilichokwisha kuchomwa ni kukihatarisha. Kwa hiyo akaanza kuagiza: kitako bapa, matundu matatu yatobolewe udongo ukiwa bado mbichi. Mfinyanzi wa kwanza aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, akafinyanga. Tangu hapo kila jedi inayotoka kwenye kitalu chake huuzwa ndani ya chungu cha Ikombe, na bei ya chungu hulipwa kwa mfinyanzi kabla mmea haujauzwa.