Kioo Kilichoandika 5



Juma hili naandika juu ya jokofu la nyumbani kwetu. Wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo. Hata mimi nililiona hivyo kwa mwezi mzima.

Mama yangu anaugua kisukari. Vichupa vyake vya insulini vilikaa rafu ya juu, nyuma kabisa, mahali nilipopachagua mwenyewe nikidhani ndipo penye usalama. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kioo cha mlangoni kiliandika 5 asubuhi na jioni, nami sikuona sababu ya kukitilia shaka. Kumbe ilikuwapo, maana sukari ya mama ilikuwa ikipanda. Asubuhi moja ilifika 15. Nikamshutumu mbele ya wajukuu kwamba anakunywa chai ya sukari kwa siri. Alikana mara moja tu, kisha akanyamaza.

Siku chache baadaye nilikata nyanya iliyotoka rafu ileile, nikakuta chembe za barafu ndani. Usiku huo niliweka bilauri ya maji kando ya vichupa. Kulipokucha, maji yalikuwa yameganda, na kioo kingali kikiandika 5.

Fundi alichomoa kihisi joto, kidude mfano wa punje ya harage chenye nyaya mbili, akakitumbukiza katika maji yenye barafu tele, ambayo hukaa kwenye nyuzi 0, akapima ukinzani wake wa umeme. Katika vihisi vya aina hii, ukinzani hupungua joto likipanda. Chetu kilikuwa na ufa, unyevu umeingia, na ukinzani ulikuwa chini sana kuliko jedwali la mtengenezaji. Jokofu likaamini kuna joto, likaendesha kompresa karibu bila kupumzika. Kukibadilisha hakukuchukua hata nusu saa.

Yamkini vichupa viliganda usiku na kuyeyuka mchana, mlango ukifunguliwa mara kwa mara. Insulini iliyoganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka. Nilivipeleka zahanati, nikapewa vingine. Hivi hukaa rafu ya kati, mbali na ukuta wa nyuma, pamoja na kipimajoto kisichotegemea kioo.

Jioni nilimwomba mama radhi. Niliwaita wajukuu nao wasikie, kwa kuwa walisikia shutuma. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nyanya zote ziliharibika.