Kiwira, na Chombo cha Dzombo

Gari likishaiacha Uyole, Mbeya, na kuanza kukwea kuelekea Isyonje, abiria wazoefu hufunga vioo bila kuambizana. Baridi ya huko haina adabu. Magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya lami, ukungu hauonyeshi dalili ya kuondoka. Baadaye barabara inaanza kuteremka, viazi vinapungua, migomba inatawala kote, na kondakta anagonga ubavu wa Hiace: "Kiwira wapo?"

Tupo. Mji wenyewe ni wa barabarani, na wengi waendao Tukuyu, Kyela au mpakani Kasumulu huujua kwa ndizi za dirishani tu. Wanajinyima.

Sokoni mikungu imelazwa chini, mibichi, mizito, inasubiri malori ya Dar es Salaam. "Ugonile, mama," nikamwamkia muuzaji mmoja aliyevaa sweta juu ya khanga. "Ee, mwanangu, karibu. Hizi za kupika, zile ukaziivishe." Alikata chane moja kwa pigo moja la kisu, utomvu ukachuruzika, akaupangusa upesi kwa jani kavu la mgomba. "Huu ukishika shati, utazeeka nao," akasema, akanipakatisha mzigo wangu.

Mkobani nilikuwa na *Walenisi*, riwaya ya Katama Mkangi. Mkangi hakuandika neno juu ya Kiwira. Alikuwa Mkenya wa pwani, upande wa Kilifi, mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina hadithi za sayansi na anga za mbali, na kila nikiwasikia huwa nataka kuwapa kitabu hiki. Sasa nadhani wapewe na nauli ya kufika huku.

Kisa chake ni hiki: Dzombo anahukumiwa kifo katika nchi ya dhuluma, na kifo chenyewe ni kutiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa huko kusikorudiwa. Badala ya kufa, anajifunza kukiendesha. Kinamfikisha Walenisi, sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, nako anaanza kuuliza maswali ya mtu aliyezoea kuonewa. Riwaya ilitoka mwaka 1995. Kabla yake Mkangi alikuwa ametoa *Ukiwa* (1975) na *Mafuta* (1984), kisha, mwaka 1986, serikali ya Rais Moi ilimtia kizuizini pamoja na wasomi wengine katika msako wa Mwakenya, vuguvugu la siri la upinzani. Ukiyajua hayo, kile chombo cha Dzombo unakitambua mara moja: kina ukubwa wa selo. Mwaka 1997 mwandishi huyo huyo aligombea urais wa Kenya, akashindwa vibaya. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani.

Kutoka sokoni nilikwenda Kijungu, maporomoko ya Mto Kiwira. Yako katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo lazima upite kwa askari, uombe ruhusa, ueleze shida yako. Mimi nilieleza huku nimebeba riwaya ya mfungwa. Hakuna aliyeiuliza.

Huko chini Mto Kiwira unakuja kwa kasi, mpana, kisha mwamba unaubana na kuutumbukiza shimoni. Maji yanazunguka na kutoa povu kama chungu kilichosahauliwa mekoni, yanazama, na unabaki kutazama jiwe kavu ambalo mto mzima unapita chini yake. Simama mbali na ukingo. Mwamba una utelezi na mto hauna subira. Mahali pengine kwenye mto huo huo kuna Daraja la Mungu, tao la mwamba uliotokana na volkano, ambalo maji yamelitoboa kwa chini na kuacha njia juu. Wilaya nzima ya Rungwe imejengwa na moto wa namna hiyo. Katika kijiji cha Ikama, kampuni ya TOL Gases huvuna hewa ya ukaa inayotoka yenyewe ardhini, ile inayotiwa kwenye soda. Ukizibua chupa, huenda unasikia pumzi ya volkano.

Na juu ya yote umesimama Mlima Rungwe, mita 2,960 hivi. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa msituni humo aitwaye kipunji. Watafiti walisikia, wakadhani labda ni mnyama wa ngano, maana Wanyakyusa wana ngano nyingi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao, nywele zimemsimama utosini. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la *Science*, na mwaka uliofuata ikabidi aundiwe jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Wawindaji, nadhani, walishangaa kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo.

Ndiyo sababu naisifu Kiwira kwa msomaji wa Mkangi. Hapa jambo linaloitwa hadithi limeshawahi kutoka porini likatembea, kwa kuwa kuna mtu aliyekubali kupanda mlima na kutazama. Walioicheka Walenisi kwa kusema usawa ni ndoto hawakuomba ushahidi. Walicheka tu wakaendelea na yao. Mkangi aliwaonyesha njia kwa kupeleka chombo mbali kabisa, kwenye sayari nyingine, na bado wapo wasiotaka kupanda.

Jioni mvua ilishuka, kama inavyoshuka Rungwe karibu mwaka mzima, nikakaa mgahawani na sahani ya ndizi na nyama nikisoma mpaka umeme ukakatika.

*Walenisi* ilichapishwa Nairobi na East African Educational Publishers. Ukiikuta kwa wauza vitabu vya mitumba, usiiache. Kisha panda Hiace Mbeya, shukia Kiwira, na ubebe sweta.