Kinga, Changarawe na Maji ya Lufira



Huku kwetu Katanga baiskeli huitwa kinga, na tangu zamani ni chombo cha kazi. Hubeba makala, unga na samaki. Humbeba mgonjwa anayepelekwa zahanati na mwanafunzi anayekaa mbali na shule. Katika Ulaya na Marekani, miaka hii ya karibuni, watu wameufanya mwendo wa baiskeli katika barabara za changarawe kuwa mchezo kamili. Ubingwa wa dunia wa kwanza wa mchezo huo ulishindaniwa nchini Italia mwaka 2022, kwa baiskeli nyepesi zenye matairi mapana na gia nyingi. Tulipopata habari hizo tulicheka kidogo, kwa maana wauza makala wa Likasi wamekanyaga changarawe maisha yao yote, bila gia hata moja, wakiwa na magunia matatu au manne nyuma yao. Lakini jambo moja la wageni hao lilitugusa: wengi wao hupanda baiskeli ili waijue nchi. Sisi tunaokaa juu ya shaba, nchi yetu tunaijua kwa kiasi gani?

Kwa swali hilo tulifunga safari ya siku nne wakati wa kiangazi, walimu watatu na wanafunzi tisa wa ualimu. Tulitoka Likasi kwenda Kambove na kurudi. Kisha tukateremka kwa bonde la mto Panda hadi Kapolowe, na kutoka huko tukafuata ziwa Tshangalele mpaka Mwadingusha, mahali mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa.

Barabara zetu nyekundu zina adabu zake, na asiyezijua huanguka mapema. Walimu wetu wa kwanza walikuwa wabeba makala tuliokutana nao alfajiri. Walitwambia tupunguze upepo kidogo katika matairi, kwa sababu tairi gumu mno hurukaruka juu ya kokoto na kuteleza, ila tusipunguze kupita kiasi, maana jiwe litaibana mipira ya ndani na kuitoboa. Walitufundisha kufunga mzigo chini na karibu na kiti. Kushika usukani pasipo kuukaba penye mchanga, na kuendelea kukanyaga hata gurudumu linapoyumba. Kutokamata breki ya mbele ghafula katika mteremko. Na penye mlima mkali, walisema, kushuka na kusukuma si aibu. Mmoja wao alituangalia tukihema, akasema kwa upole, «Walimu, ninyi mnapigana na barabara. Barabara haipigwi, inasikilizwa.» Tuliandika maneno hayo katika daftari la safari kabla ya jina la kijiji chochote.

Kwa kweli ndiyo faida kubwa ya kinga. Ndani ya gari tunaona vumbi na migongo ya malori. Juu ya baiskeli, kila badiliko la udongo hupanda kupitia usukani hadi mikononi. Tulijua kwamba tunakaribia bonde kabla ya kuliona, kwa maana changarawe iligeuka kuwa mchanga, hewa ikapoa, na vichuguu vikubwa vya msituni vikaachia nafasi nyasi ndefu za bondeni.

Karibu na Kambove tuliona vilima ambavyo miti imevikataa. Msitu unasimama pembeni kana kwamba umeambiwa usivuke, na juu ya kilima kuna nyasi fupi na mimea michache tu. Sababu yake ni shaba: ikizidi katika udongo, huwa sumu kwa mizizi ya miti mingi. Kuna mmea mdogo uliozoea sumu hiyo, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na wengi huujua kama ua la shaba. Vilima vitupu na ua hilo viliwaonyesha wapelelezi wa madini mahali pa kuchimba. Hata hivyo, wazee wetu walikuwa wamekwisha kupajua zamani. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, walichimba jiwe la kijani kwa majembe na kuliyeyusha kwa makala ya miti migumu, katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu. Shaba waliyoipata waliimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha iliyopokelewa mbali na hapa. Mvua iliporudi, waliacha mashimo wakarudi shambani. Mgodi ulikuwa na majira yake, na shamba lilikuwa na yake.

Mpango huo ulibadilika upesi. Kampuni kubwa ya madini ya Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa huko mwaka 1911. Mwaka 1913 reli ilikuwa imefika Kambove. Tangu hapo uchimbaji haukungojea tena kiangazi. Tulisimama kwa mbali tukatazama mashimo yaliyokatwa kwa ngazi kubwa, ngazi moja chini ya nyingine, tukanyamaza. Hatukwenda Shinkolobwe, ambayo iko kama kilometa 20 magharibi ya Likasi. Huko ilichimbwa urani iliyotumika katika mabomu ya kwanza ya atomiki mwaka 1945, na tangu mwaka 2004 serikali imepiga marufuku kuchimba mahali pale. Wanafunzi wetu wengi walikuwa wamezaliwa karibu nayo, wala hawakuwahi kuisoma katika kitabu chochote cha shule. Tuliwaeleza tukiwa tumeketi kando ya njia, baiskeli zimelazwa majanini.

Usiku ule huko Kambove lilizuka jambo ambalo hatukuwa tumeliandalia somo. Mmoja wa wanafunzi, kijana wa miaka 22, alituuliza mbele ya wote: «Walimu, yaya yangu anachimba kobalti. Katika wiki moja nzuri anapata kuliko mwalimu kwa mwezi mzima, na mwalimu mwenyewe hana hakika kama mwezi utalipwa. Mnatufundisha kubaki maskini?»

Hakuna aliyecheka. Sisi walimu tulitazamana, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliyejibu ni mzee aliyetukaribisha nyumbani kwake, mtu aliyefanya kazi mgodini miaka mingi. Alisema, «Mwanangu, mimi nilidhani mgodi ni kama mlima, hauondoki. Unga ulitoka mgodini, shule ya watoto mgodini, dawa mgodini, hata saa ya kuamka ilikuwa king'ora cha mgodi. Maisha yetu yote yalitundikwa kwenye msumari mmoja.»

Tulijua msumari ule ulivyong'oka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa shaba karibu tani 470,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 zilikuwa zimebaki takriban tani 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpigo. Watoto wao ndio waliojaa mashimoni na vifuko na nyundo, kutafuta kwa mikono kile ambacho baba zao walikitafuta kwa mashine.

Kijana hakuridhika. Akauliza tena, «Basi mzee, ungekuwa mimi ungefanya nini?» Mzee akafikiri, akajibu, «Ningehesabu. Lakini nisingehesabu wiki. Ningehesabu miaka.»

Siku ya tatu tuliteremka na Panda. Mto huu unapita Likasi, penye viwanda vya kusafishia madini, kisha unajiunga na Lufira. Ukiufuata kwa baiskeli hauendi nao sambamba: njia inapanda mgongo wa kilima, inateremka hadi kijito, inavuka kwa magogo mawili, inapanda tena. Kila kijito tulikivuka tukiwa na kinga begani, na kila mara tuliwauliza watu jina lake na kama maji yake yananywewa. Kijana yule wa swali la Kambove aliomba daftari, akawa mwandishi wetu. Safu ya kwanza ilikuwa ya majina. Ya pili aliandika «ndiyo» au «hapana». Kadiri tulivyokaribia mto mkubwa, ndivyo «hapana» zilivyoongezeka.

Kule Kapolowe, kando ya ziwa, tulimkuta mama mmoja akigeuza samaki juu ya kichanja. Alituuliza tumetoka wapi. Tukamwambia tumetoka Likasi, tumeteremka na Panda. Akatabasamu, akasema, «Basi mmekuja pamoja na maji yetu.» Tulimwuliza kama wanayanywa. Akatuonyesha kisima juu ya mteremko, mbali na ziwa, mahali anapokwenda kila asubuhi. Na samaki? «Samaki tunakula, kwani tule nini? Na wengine wanakwenda sokoni Likasi. Kinachotoka kwenu kinarudi kwenu.»

Maneno ya mama huyu hayakuwa fumbo. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walichapisha utafiti wao juu ya watu wa kusini ya Katanga. Walipima mkojo, wakakuta kwamba wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mwilini kuliko wanaoishi mbali, na kwamba watoto wameathirika kuliko wakubwa. Vipimo hivyo vilitushtua tulipovisoma mezani. Lakini mama alipogeuza samaki wake mbele yetu, tuliona jinsi namba zile zinavyosafiri: kutoka bomba la kiwanda hadi kijito, kutoka kijito hadi ziwa, kutoka ziwa hadi kichanja, na kutoka kichanja, juu ya kinga ya mchuuzi, hadi sahani ya mtu wa mjini.

Tulimaliza safari Mwadingusha. Bwawa hili lilijengwa kuelekea mwaka 1930 ili mitambo ya shaba ipate umeme, na ziwa lenyewe ni mtoto wa bwawa hilo. Ndege wa majini ni wengi, na maporomoko yana fahari ya kweli. Nyaya nene huondoka hapo kwenda migodini na mijini. Katika kijiji tulicholala, chini ya nyaya hizo, watu walitupikia kwa mwanga wa tochi. Maji, yakisha kuzungusha mitambo, huendelea na safari yake kaskazini hadi Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo. Tulichokivuka kwa magogo mawili kule juu ni sehemu ya mto unaopita Kisangani na Kinshasa.

Je, tuliporudi tulikuwa na jibu la swali la Kambove? Jibu la kuwaandikia ubaoni hatukuwa nalo. Mshahara wa mwalimu bado ni ule ule, na kobalti bado ina bei. Lakini tuliona kwa macho kwamba kuna hesabu mbili katika nchi hii, nasi tumezoea kufanya moja tu. Hesabu ya jiwe huisha jiwe linapokwisha. Hesabu ya maji haiishi, kwa sababu watu wa bondeni watakunywa, watavua na kulima hapo hata baada ya mchimbaji wa mwisho kuondoka. Anayejua hesabu ya kwanza peke yake anaweza kuuza bonde zima kwa wiki moja nzuri.

Kijana yule alimaliza masomo yake, naye sasa anafundisha. Wakati wa likizo hupanda kinga kwenda machimboni, kumpelekea yaya yake unga na kumsihi mdogo wao, aliyemfuata yaya, arudi shuleni. Mdogo bado hajarudi. Mwalimu wake anaendelea kwenda.

Kwa hiyo, ndugu vijana, tunawaomba mfanye safari yenu wenyewe katika kiangazi kijacho. Si lazima iwe ya siku nne. Mto mmoja na siku moja vinatosha kuanzia. Nendeni kundi, wala asiachwe nyuma mwenye kinga mbovu: mwendo wa kundi uwe mwendo wake. Chukueni pampu, viraka, solusheni, mnyororo wa akiba na maji ya kunywa kutoka nyumbani. Salimieni wazee kabla ya kuuliza, ombeni ruhusa kabla ya kupita, wala msiingie katika mashimo, hata yale yanayoonekana yameachwa. Kuta zake huporomoka bila kuaga. Mwe na daftari moja lenye safu mbili. Andikeni jina la kila kijito, na kama watu wanakunywa maji yake. Mkirudi, lisomeni kwa sauti mbele ya wazazi wenu, jina kwa jina, hadi mstari wa mwisho.