Sifuri za Mlimani

Ndugu msomaji, usianze kunicheka. Najua baiskeli za Morogoro zinajulikana kwa kubeba mikungu ya ndizi, si kwa kupimwa wati. Mimi mwenyewe nimelelewa na ndizi hizo hizo. Kwetu Uluguruni ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wangu amenisomesha kwa baiskeli moja ya Phoenix, akitoka nayo Kiroka alfajiri, akipandisha kilima na kuteremkia Bigwa hadi Soko Kuu la mjini, ambalo siku hizi linaitwa Chifu Kingalu.

Ndiyo maana nilipomwendea kumkopa pesa za kununua mita ya nguvu, nilipiga shikamoo mbili kabla sijasema shida yangu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wa klabu moja ya baiskeli alikuwa anatafuta vijana wachache wa kuwafundisha. Hakutaka barua wala sifa. Alitaka rekodi ya dakika 20 za kupanda mlima, yenye wati, na wastani usiopungua 230. Mwisho wa kupokea ulikuwa mwisho wa mwezi. Baiskeli ya mbio ya mtumba nilikuwa nayo. Mita sikuwa nayo. Mshikaji mmoja alikuwa anauza yake, mkono wa pedeli wa kushoto wenye kidude kimegandishwa kwa ndani.

"Kinafanya nini hicho?" mjomba aliuliza.

Nikamweleza. Ukikanyaga pedeli, chuma kinajikunja kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ndani ya kidude kuna vihisi vinavyousikia mkunjo ule. Kidude kinajua pia pedeli zinazunguka kasi gani. Kinazidisha msukumo kwa kasi, kinapata nguvu ya mguu wa kushoto, kinaidabo ili kukisia miguu yote miwili, kisha kinairusha hewani hadi kwenye simu.

"Kwa hiyo nanunua kitu cha kuniambia kwamba umechoka," alisema. Lakini pesa akatoa.

Jumamosi ya kwanza nilipanda barabara ya Morningside. Ilikuwa masika, njia imejaa mashimo na mawe, ukungu umelala hadi chini. Nilikanyaga dakika 20 mpaka nikaona nyota mchana. Niliporudi nyumbani nikaifungua rekodi: wastani wati 195. Nikaituma hivyo hivyo, kwa haraka ya kijinga. Jibu likaja jioni, mstari mmoja tu: bado hujafika, jaribu mwakani.

Usiku ule sikulala. Nikaichungulia rekodi sekunde moja moja, na ndipo nikaziona. Sifuri. Hapa sekunde tatu, pale sekunde kumi, kule karibu nusu dakika. Nilipozijumlisha zikafika sekunde 240, yaani dakika 4 katika zile 20. Lakini kwenye sekunde zile zile za sifuri, simu ilionyesha napanda kwa kilometa 13 kwa saa. Nani anapanda mlima bila kukanyaga pedeli? Mawimbi yalikuwa yanakatika njiani, na simu, badala ya kuacha nafasi tupu, ilikuwa inaandika 0.

Nikampigia mwalimu. Alinisikiliza vizuri, sina lawama. Akasema, "Kijana, kila aliyeshindwa ana sababu. Niletee rekodi safi kabla ya tarehe 30." Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Kijiweni kila mtu alikuwa fundi. Mmoja akasema mita ni feki, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwingine akasema ni minara ya mawasiliano iliyoko kilele cha Bondwa, inameza mawimbi ya vidude vidogo. Wa tatu akasema mlima una wenyewe, nimepita bila kuomba ruhusa. Nilicheka, lakini nakiri kwamba lile la minara liliniingia.

Kwanza nilitaka kujua kama mita ni feki. Hapo mlima wenyewe ulinisaidia. Mimi na baiskeli na maji yangu ni kilo 72. Kipande kile kinapanda meta 350. Nimekipima kwa simu na kwa ramani, vikakubaliana. Kuinua kilo 72 meta 350 kwa dakika 20 kunadai wati 206, hata kama njia ingekuwa laini kama kioo na hewa isingekuwepo. Rekodi yangu ilisema 195. Yaani nilifika juu kwa nguvu isiyotosha kufika juu! Nikaziondoa zile sekunde 240 na kuhesabu zilizobaki: wati 244. Hiyo inaeleweka: 206 za kupanda, zilizobaki zikaliwa na mawe, upepo na mnyororo. Mita haikuwa feki. Ilikuwa inasema kweli, ila ilikuwa inakatwa kauli.

Sasa minara. Nilisukuma baiskeli hadi pale pale juu, nikaigeuza kichwa chini miguu juu, nikazungusha pedeli kwa mkono huku simu iko kando yake. Dakika kumi, mawimbi hayakukatika hata mara moja. Minara ilikuwa inanitazama tu kutoka kileleni. Nikaiomba radhi.

Ikabaki mimi. Siku ya mbio simu ilikuwa mfuko wa nyuma wa fulana. Kidude kiko mguu wa kushoto, upande wa ndani, kinarusha kwa masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo hayapendi maji. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kila habari ililazimika kupenya paja, kiuno na mgongo wangu uliolowa jasho. Nikaifunga simu kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, nikapanda tena. Sifuri zikapungua kutoka sekunde 240 hadi 150. Nafuu, lakini si dawa.

Hapo nilichemsha. Nikabadili betri, nikafuta programu na kuiweka upya, nikazima simu ya rafiki niliyekuwa napanda naye, vyote kwa siku moja. Sifuri zikabaki, na ningekuwa nimepona nisingejua kilichoniponya. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mjomba ndiye aliyesema, "Mpeleke kwa fundi redio." Nikamwambia fundi redio hajui vitu hivi. Akanijibu, "Kinatumia betri? Basi anakijua."

Fundi yule ana kibanda karibu na soko. Hakuniuliza habari za mbio. Aliniuliza swali moja: "Kinakatika ukiwa umetulia, au ukitikisika?" Nikakumbuka: juu mlimani nilipozungusha kwa mkono hakikukatika. Akazungusha pedeli taratibu, namba zikaja. Akaugonga mkono wa pedeli kwa mpini wa bisibisi, ko! Namba zikapotea. Akagonga tena, zikapotea tena. Siku nyingi nilikuwa natafuta mkosaji hewani, kumbe yuko ndani ya nyumba.

Alifungua kifuniko. Ile pete ndogo ya mpira ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka. Unyevu wa masika umeingia, kibati kinachoshika betri kimeota kutu ya kijani na kimelegea. Betri yenyewe, ile ya kidonge ya CR2032, aliipima akakuta volti 3 kamili. Ndiyo maana kubadili betri hakukunisaidia: betri nzima, mlango mbovu. Kila gurudumu lilipopiga jiwe, kibati kiliachia, kidude kikazimika kwa nukta moja, kisha kikachukua sekunde kadhaa kuamka na kuitafuta simu upya. Akasafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, akakiinua kibati kidogo kwa ncha ya kisu, akatafuta pete nyingine kwenye kopo lake la vikorokoro. Akagonga. Namba zikatulia.

Kabla ya kupanda niliirudisha mita kwenye sifuri yake ya halali, baiskeli imesimama na pedeli haina mzigo. Halafu nikapanda. Tarehe 29, mvua inanyunya. Wastani wati 241, bila pengo hata moja. Nikaituma mikono ikitetemeka.

Mwalimu alijibu kesho yake. Rekodi ni nzuri, alisema, lakini nafasi zilijaa siku mbili nyuma. Jina langu ameliandika kwa awamu ijayo. Sijui kama awamu hiyo itakuja. Nimeamua kumwamini, kwa sababu sina la kufanya zaidi ya hilo.

Nilimweleza mjomba wakati anafunga kamba za mzigo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sikiliza, mjomba. Kile kidude kilipokuwa kinaandika sifuri, miguu yako ilikuwa inauma?"

"Ilikuwa inauma."

"Basi."

Usiku nilichukua karatasi nikamhesabia na yeye. Mwili wake, Phoenix na mikungu ni kama kilo 172. Kila meta 100 anazopandisha mzigo ule kwa dakika 20, akisukuma kwa mguu, ni wati 140, na amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Nilimsomea. Akaniuliza kama hizo wati 140 zinaweza kulipa deni langu.

Jumatatu nilishika Phoenix nikaenda Kiroka badala yake. Nimebakiza safari tisa.