Mgeni na Jembe

Nalitoka Uganda nikaja Same, katika milima ya Upare, kufundisha Kiingereza. Kipare sikukijua. Shuleni watoto waliniheshimu, lakini jioni naliketi peke yangu.

Hata siku moja watu wakaitwa kwenye msaragambo, ndiyo kazi ya wote pamoja, kuzoa matope katika ndiva. Ndiva ni bwawa likusanyalo maji usiku, yapate kufunguliwa mchana kwenda mashambani kwa zamu. Wahenga husema, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.” Mimi sikungoja kupewa, nalishika jembe nikashuka matopeni. Adhuhuri tukala makande, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, na mzee mmoja akanifundisha maamkizi ya Kipare. Wala tangu siku ile haikupita jioni nisisikie hodi mlangoni pangu.